Kipepeo hakimbizwi: somo letu la nje ya darasa

  

Jumamosi ya kwanza ya Agosti hatutakuwa na darasa ukumbini. Tutapanda treni hadi Dorking, katika jimbo la Surrey, tukatembee kwenye vilima vya chaki na kuwatafuta vipepeo. Somo hili ni maandalizi ya safari hiyo. Lisomeni nyumbani, mzazi na mtoto, kidogo kidogo. Mazoezi yako mwishoni.

Mtauliza, kwa nini vipepeo? Sababu ni hii. Watoto wetu wanajua kusema "chakula kiko tayari", "nenda kaoge", "vaa viatu". Kiswahili chao kinaishi jikoni na sebuleni. Tukishatoka mlangoni, tunahamia Kiingereza wote, hata sisi wakubwa. Mwezi wa tano nilimwomba mwanafunzi mmoja wa miaka 9 anieleze alichokiona bustanini. Alianza vizuri sana. Alipofika kwenye kiwavi alikwama, akamalizia hadithi yote kwa Kiingereza. Si kosa lake. Hakuna mtu aliyewahi kuinama naye mbele ya jani akamwambia, "Tazama, huyu ni kiwavi."

Basi safari hii tunakitoa Kiswahili nje.

1. Maneno ya kwanza

Neno *kipepeo* linatokana na kitenzi *kupepea*. Bendera inapepea. Mtu mwenye joto anajipepea. Neno *upepo* nalo ni la ukoo huohuo. Mkimtazama kipepeo anavyopunga mabawa yake hewani, mtaona kwamba waliompa jina hilo walimtazama vizuri.

Maisha ya kipepeo yana hatua nne:

*Yai.* Kipepeo jike hutaga mayai juu ya mmea. Hatagi popote tu. Huchagua mmea ambao watoto wake wanaweza kuula.

*Kiwavi.* Huyu ndiye anayeanguliwa kutoka kwenye yai. Kazi yake ni kula na kukua. Vitabu vya sayansi humwita pia lava. Wazazi waliolima mahindi wanawafahamu viwavijeshi, wale wanaomaliza shamba kwa siku chache. Wale ni watoto wa nondo.

*Pupa.* Kiwavi akishiba na kukua, anajifunga ndani ya ganda na kutulia. Hali chochote. Humo ndani mwili wake unajengwa upya. Angalieni: neno *pupa* lina maana nyingine, nayo ni haraka yenye uroho, kama mama anaposema "Usile kwa pupa!" Kumbe pupa wa kipepeo ndiye asiye na pupa kabisa.

*Kipepeo.* Anatoka kwenye ganda, anakausha mabawa, anaruka.

Mwilini ana mabawa manne, miguu sita, vipapasio viwili kichwani, na mrija mrefu wa kufyonzea maji matamu ya maua. Mrija huo huukunja kama kamba iliyoviringishwa asipoutumia.

Ndugu yake ni *nondo*. Namna nyepesi ya kuwatofautisha ni kutazama vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu kidogo kwenye ncha. Vya nondo mara nyingi ni kama uzi au kama unyoya. Msiseme tu kwamba nondo huruka usiku, kwa sababu huko tuendako tutamkuta nondo mweusi mwenye madoa mekundu anayeruka mchana kweupe.

2. Kipepeo kizuri au kipepeo mzuri?

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, na wazazi wengine pia. Kwa kuwa neno linaanza na *ki-*, mtoto husema "kipepeo kizuri kinaruka", kama vile "kitabu kizuri kimeanguka". Lakini kipepeo ana uhai. Viumbe vyenye uhai hufuata upatanisho wa *mtu/watu*, hata kama jina lao linaanza na *ki-*, *ch-* au jinginelo.

Kipepeo mzuri anaruka. Vipepeo wazuri wanaruka.
Kiwavi mdogo anakula jani. Viwavi wadogo wanakula majani.
Chura yule ameruka. Vyura wale wameruka.
Kinyonga wako yuko wapi? Vinyonga wako wako wapi?

Sasa sikilizeni utamu wake. Pwani, kile kifaa cha ukindu cha kupepea jiko la mkaa nacho huitwa kipepeo. Kile hakina uhai. Kwa hiyo:

*Kipepeo changu kimepotea* maana yake siwezi kuwasha jiko.
*Kipepeo wangu amepotea* maana yake mdudu niliyekuwa nikimtazama ameruka.

Nondo naye yuko hivyohivyo. *Nondo huyu amelala ukutani* ni mdudu. *Nondo hii imepinda* ni ile ya chuma ya kujengea nyumba. Jina ni lilelile. Upatanisho ndio unaotuambia kama kitu kina uhai.

Na mkimwona, semeni *nimemwona*, msiseme *nimekiona*.

3. Tulivyokosea mwaka jana

Mwaka jana tulikwenda mara ya kwanza, watoto kumi na mmoja na wakubwa watano. Mimi ndiye niliyeongoza, na niliongoza vibaya. Tuliposhuka tu kwenye uwanja wa nyasi, mtoto mmoja alipaza sauti, "Kipepeo!" Wote wakatimka mbio. Sikuwazuia, nilifikiri ndiyo furaha yenyewe. Kwa saa nzima tulikimbia mteremko ule juu chini, na tulichokiona ni vivuli vinavyoondoka.

Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza ameketi chini, chupa yake ya chai kando. Alikuwa ametulia muda wote ule. Nilipokwenda kumwomba radhi kwa kelele, aliniambia nitazame karibu na kiatu chake. Palikuwa na mmea mdogo unaotambaa, wa jamii ya kunde, na maganda yake yamepinda kama viatu vya farasi. Juu ya ua la jirani yake alikuwa ametua kipepeo wa rangi ya samawati iliyopauka, kama anga la asubuhi. Aliniambia: ukishaujua mmea huu, huna haja ya kukimbia, maana yeye mwenyewe atakuja hapa.

Niliwaita watoto, tukaketi. Ndani ya robo saa tuliwaona tisa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na siku hiyo nililiona kwa macho yangu. Kipepeo ana macho makali na huhisi mtu anayemjia kwa kasi. Kivuli chako kikimwangukia tu, ameondoka.

4. Kila kipepeo na jani lake

Uingereza ina aina 59 hivi za vipepeo. Ni wachache. Kenya peke yake ina zaidi ya aina 800. Lakini uchache huo ni nafasi nzuri kwa anayejifunza, kwa sababu mtoto anaweza kuwajua karibu wote.

Wengi wao wanapatikana kirahisi. Walio adimu ni wale wanaochagua sana. Kipepeo mzima anaweza kunywa kwenye maua mbalimbali, lakini kiwavi wa aina nyingine hula mmea mmoja tu. Mmea huo ukikosekana, hakuna kiwavi, na mwakani hakuna kipepeo.

Vilima tunavyokwenda, vinavyoitwa North Downs, vimejengwa kwa mawe meupe laini, ya aina ya ile chaki ya ubaoni. Udongo wake ni mwembamba na mkavu. Nyasi hazirefuki sana, na mimea midogo inayopenda jua hupata nafasi. Ule mmea wenye maganda ya kiatu cha farasi, Waingereza wanauita horseshoe vetch, na ndio chakula cha viwavi wa vipepeo wawili tunaowatafuta.

*Chalkhill Blue.* Dume lake ni samawati iliyopauka na ukingo wa mabawa una weusi. Huonekana kuanzia Julai hadi Septemba. Huyu ndiye tuliyemwona mwaka jana.

*Adonis Blue.* Dume lake ni buluu inayong'aa sana, mtu akimwona mara moja hamsahau. Hutoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Juni, halafu tena Agosti na Septemba. Mwanzoni mwa Agosti tunaweza kumkosa. Familia zitakazoweza kurudi mwishoni mwa mwezi zitakuwa na bahati zaidi.

Yuko na wa tatu, *Common Blue*, anayepatikana karibu kila mahali. Mkitaka kujua mmemwona nani, tazameni nywele nyeupe zinazozunguka bawa kama tarizi. Za Common Blue ni nyeupe tupu. Za wale wawili zimekatwakatwa na mistari midogo myeusi. Na msishangae mkiona majike yana rangi ya kahawia. Majike ya aina hizi mara nyingi si ya buluu, ingawa huitwa kwa jina la buluu.

Vipepeo wenyewe si wote tutakaowaona. Kwenye vilima hivyo kuna konokono mkubwa kuliko konokono wote wa nchi kavu wa Uingereza, mwenye nyumba ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Analindwa na sheria tangu 2008, hivyo tunamtazama tu, hatumchukui. Tutazame na juu: kipanga hutulia hewani mahali pamoja huku akipiga mabawa, akiwinda panya chini.

5. Kisa cha kipepeo aliyetoweka

Sasa nawaletea kisa ambacho nataka kila mtoto akijue, na kila mzazi pia.

Kulikuwa na kipepeo anayeitwa Large Blue, mkubwa kuliko ndugu zake wa buluu. Alikuwa adimu siku zote, na wakusanyaji wa vipepeo walimtafuta sana. Watu waliompenda walihofia kwamba wakusanyaji watammaliza, na mahali pengine wakazungushia uzio. Lakini hata mlemle ndani ya uzio aliendelea kupungua. Mwaka 1979 alitoweka kabisa Uingereza.

Kwa nini? Mtaalamu Jeremy Thomas alitumia miaka akiketi na kumchunguza, akagundua siri yake.

Kiwavi wa Large Blue huanza kwa kula maua ya mmea mdogo wenye harufu nzuri, ule ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi, thyme ya mwituni. Baada ya wiki chache anajiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu anamkuta, anadhani ni mtoto wao aliyepotea, anambeba hadi ndani ya kichuguu. Huko kiwavi anaishi kama miezi 10, akila watoto wa sisimizi hao. Humo ndimo anamogeuka pupa, na kiangazi kinachofuata anatambaa nje, anakausha mabawa na kuruka.

Si sisimizi yeyote. Kuna aina moja hasa ambayo kwake kiwavi huyu hustawi. Na sisimizi wa aina hiyo anataka udongo wenye joto, yaani nyasi fupi sana, sentimita 3 hivi, ili jua lifike chini. Nani alikuwa akizifupisha nyasi? Kondoo, ng'ombe na sungura. Wakulima walipoacha kulisha mifugo vilimani, na sungura wakafa kwa wingi kwa ugonjwa miaka ya 1950, nyasi zikarefuka. Udongo ukapoa. Sisimizi akaondoka. Kipepeo akafuata. Na ule uzio uliowekwa kuzuia wakusanyaji ulikuwa unazuia mifugo pia.

Maua ya thyme yalikuwepo. Mapenzi ya watu yalikuwepo. Kilichokosekana ni kwato za mifugo.

Baada ya siri kujulikana, mifugo ilirudishwa, nyasi zikafupika, sisimizi wakarejea. Kuanzia miaka ya 1980 viwavi waliletwa kutoka Sweden, na leo Large Blue anaruka tena kwenye maeneo kadhaa ya Somerset na Gloucestershire. Adonis Blue naye alipungua sana wakati uleule kwa sababu ya nyasi kurefuka, na malisho yaliporudi naye akaongezeka. Kwa hiyo mkiona ng'ombe kwenye vilima vya Surrey, msidhani wamepotea. Wako kazini.

Wazazi, naomba niseme jambo moja hapa, halafu niliache. Shule yetu ya Jumamosi ni saa mbili kwa wiki. Ni nzuri, lakini ni kama ule uzio. Mtoto atakayesikia Kiswahili hapa tu, nyumbani asikisikie, atakipoteza akiwa mikononi mwetu tunaompenda. Malisho ya kila siku yako kwenu.

6. Na kwetu je?

Mimi nilikulia Muheza, Tanga, chini ya milima ya Usambara. Vipepeo walikuwa tele hata hatukuwaona. Wote tuliwaita kipepeo tu. Siku hizi najuta kwamba sikumwuliza bibi yangu kama alikuwa na majina mengine, maana alijua jina la kila mti.

Kwa jirani zetu Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, kuna mradi ulioanzishwa mwaka 1993 unaoitwa kwa jina letu hilihili, Kipepeo. Msitu huo una zaidi ya aina 250 za vipepeo. Wakulima hupanda miti ambayo viwavi hula, huwalea viwavi, halafu huuza pupa. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya, pamoja na Uingereza hii. Kwa hiyo mkiingia kwenye nyumba ya vioo yenye joto mkamwona kipepeo mkubwa wa Afrika, huenda kiwavi wake alilelewa na mama mmoja wa Gede. Kule Amani, kwetu Usambara, wanakijiji walianzisha mradi kama huo.

Biashara hiyo yote inasimama juu ya ujuzi mmoja: kujua kiwavi gani anakula jani gani. Anayejua jani anapata pupa, anapata ada ya mtoto, na ana sababu ya kuutunza msitu.

7. Msafiri

Yuko kipepeo mwingine ambaye si adimu, lakini nataka mmtafute. Anaitwa Painted Lady. Ana rangi ya machungwa iliyochanganyika na weusi, na ncha za mabawa yake ni nyeusi zenye madoa meupe. Anaishi pia Afrika Mashariki.

Wale wanaoonekana Uingereza hawakai hapa wakati wa baridi, hawauwezi. Ukoo wao huvuka kutoka Afrika, kupita jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania, hadi huku na hata kufika karibu na Duara la Aktiki. Hakuna kipepeo mmoja anayemaliza safari hiyo. Mmoja anafika sehemu, anataga mayai, anakufa, mtoto wake anaendelea, kisha mjukuu. Safari ya kwenda na kurudi inaweza kuchukua vizazi sita.

Zamani watu waliona wakija lakini hawakuwaona wakirudi, wakadhani wote hufia huku. Kumbe wakati wa kurudi huruka juu sana, kwa wastani zaidi ya mita 500, macho hayafiki. Rada ndizo zilizowaona. Mwaka 2009, ambao ulikuwa mwaka wao mkubwa, ilikadiriwa kwamba waliingia Uingereza milioni 11 hivi wakati wa machipuko, na wakaondoka kuelekea kusini milioni 26 hivi wakati wa vuli. Waliorudi walikuwa wamezaliwa huku, hawajawahi kuiona Afrika.

Nilipowasomea watoto habari hii darasani, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa nani aliwaonyesha njia?" Nilimjibu kwamba vipepeo huongozwa na jua. Akafikiri kidogo, akasema, "Mimi nitamwuliza babu."

8. Namna ya kutafuta

1. Nenda siku ya jua isiyo na upepo mwingi. Kipepeo anahitaji joto ndipo aruke. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ni wakati mzuri.

2. Tafuta kwanza mmea, kisha keti. Usikae kati ya jua na ua, kivuli chako kitamfukuza.

3. Tazama kwa macho kwanza, simu baadaye. Akitua, hesabu mpaka kumi ndipo uinue simu polepole.

4. Usimkamate. Mabawa yake yana unga mwembamba ambao ni magamba madogo, na kidole kinaufuta.

5. Andika: siku, mahali, hali ya hewa, rangi, na alichokuwa akifanya. Ukiandika kwa Kiswahili, nitafurahi zaidi.

6. Shiriki hesabu ya taifa. Kila mwaka kuanzia katikati ya Julai hadi mwanzoni mwa Agosti, shirika la Butterfly Conservation huwaomba watu waketi dakika 15 tu, wahesabu vipepeo, wapeleke idadi kwa programu ya simu au mtandaoni. Mwaka 2024 wastani ulikuwa 7 tu kwa kila hesabu, mdogo kuliko miaka yote tangu hesabu ianze 2010, na shirika likatangaza hali ya hatari. Hesabu ya mtoto wetu ina uzito sawa na ya mtu mwingine yeyote.

Wazazi kadhaa wameniuliza, "Mwalimu, huko mashambani tunaruhusiwa kupita, au tutafukuzwa?" Tunaruhusiwa. Uingereza ina njia za umma zinazopita hata katikati ya mashamba ya watu. Mshale wa njano unaonyesha njia ya waenda kwa miguu. Wa buluu ni ya waenda kwa miguu, farasi na baiskeli. Fuata mshale, funga lango ulilolikuta limefungwa, na kaa mbali na ng'ombe wenye ndama. Ukikutana na mtu, msalimie. Njia ile ni yako kama ilivyo yake.

9. Neno la nesi

Kazi yangu ya siku za wiki ni uuguzi, kwa hiyo mtanivumilia. Kwenye nyasi kuna kupe, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, mzichomeke ndani ya soksi. Mkirudi nyumbani, kagueni watoto: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, shingoni, na kwenye mstari wa nywele, hasa waliosukwa.

Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kumminya. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta, kama tulivyozoea kwa mifugo. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji.

Kisha angalia ngozi kwa wiki kadhaa. Upele wa Lyme hutanuka, na mara nyingi huwa kama duara. Mara nyingi hutokea kati ya wiki 1 na 4, lakini unaweza kuchelewa hadi miezi 3. Picha nyingi zinaonyesha upele mwekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tazameni penye mwanga na msisubiri mpaka ufanane na picha. Ukiona upele unatanuka, au mtoto ana homa na uchovu baada ya kuumwa na kupe, piga simu kwa daktari wako na useme wazi: "Aliumwa na kupe."

Wenye pumu wabebe dawa zao. Kila mmoja aje na maji na kofia.

10. Mazoezi

A. Sahihisha sentensi hizi:
1. Kipepeo kizuri kimetua juu ya ua.
2. Viwavi vingi vinakula majani.
3. Nimekiona kinyonga chako.
4. Nondo ile imeruka usiku. (Ni mdudu.)
5. Bibi amemnunua kipepeo mpya wa kupepea jiko.

B. Pigeni simu nyumbani, kwa bibi, babu, shangazi au mjomba. Mfano wa mazungumzo:

Mjukuu: Shikamoo, babu.
Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Hamjambo huko?
Mjukuu: Hatujambo, babu. Mwalimu ametutuma tukuulize. Ulipokuwa mdogo, mlimwitaje kipepeo kwa lugha ya kwenu? Na kiwavi je?
Babu: Eeh! Ngoja nikumbuke.
Mjukuu: Na kulikuwa na kiwavi uliyemwogopa?
Babu: Yule mwenye manyoya! Akikugusa unawashwa siku nzima.

Andikeni jina mlilopewa, ni la lugha gani, na nani alilitoa. Kisambaa, Kigiriama, Kishi, Kinyarwanda, lugha yoyote ya nyumbani inakaribishwa. Kiswahili hakina jina maalumu lililoenea kwa kila aina ya kipepeo, kwa hiyo mwaka huu tutawabatiza wale wa Surrey wenyewe. Mtoto mmoja ameshapendekeza Chalkhill Blue aitwe Samawati wa Chaki. Nani ana jina bora zaidi?

*Majibu ya A:* 1. Kipepeo mzuri ametua juu ya ua. 2. Viwavi wengi wanakula majani. 3. Nimemwona kinyonga wako. 4. Nondo yule ameruka usiku. 5. Bibi amenunua kipepeo kipya cha kupepea jiko.

Tukutane ukumbini saa mbili na nusu asubuhi, twende stesheni pamoja. Kila mtoto aje na daftari, penseli, na angalau jina moja kutoka nyumbani.